Kivuli cha Saa Kumi

Lodwar, Jumapili jioni

Wakesho mwanangu,

Sitakuandikia habari za chandarua, maji ya kuchemsha wala viatu. Umesomea uuguzi na mambo hayo unayajua kuliko mimi. Sanduku lako nimeliona limefungwa vizuri, nami nimejizuia kulifungua. Nakuandikia kwa sababu asubuhi ya leo nilikuambia jambo kubwa kwa redio ya mkono, na redio ya mkono si mahali pa kuelezea jambo kubwa. Unabonyeza, unasema, unaachia. Mwenzako hawezi kukukatiza, na wewe huwezi kumwona uso. Nilikupa kichwa cha habari tu. Hapa nakupa habari yenyewe tangu mwanzo, ili kesho ukiwa ndani ya Land Rover ya timu ya chanjo ya kwenda Kakuma usiwe na swali ambalo jibu lake umeliacha Lodwar.

Kichwa cha habari kilikuwa hiki: baba yako hakupotea. Miaka sita iliyopita, uliposikia kwenye redio ya jirani kwamba watu watatu hawajulikani walipo upande wa Kalobeyei, baba yako akiwa mmoja wao, watu hao walikuwa wanajulikana walipo. Wao wenyewe walijua. Habari ile niliiandika mimi, ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Kwa sababu ya habari ile ulimwapisha baba yako asifanye tena safari za nyikani, naye akaapa. Tangu hapo anatoa vidonge dirishani hospitalini. Kila timu ya chanjo inapoondoka, anatoka, anasaidia kufunga mizigo, anakagua kamba, kisha anarudi dirishani. Nimemtazama akifanya hivyo miaka sita bila kusema neno.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uhuru wa nchi ulikuwa haujatimiza miaka kumi, na barabara ya Kakuma ilikuwa alama za matairi mchangani. Mvua ikinyesha milimani na laga, ile mito mikavu ya mchanga, zikajaa maji, hata alama hizo zilifutika. Baba yako, dresa mwenzake, muuguzi msaidizi kama yeye, na kiongozi wao wa njia walitoka Kakuma na punda wanne kwenda magharibi, kuchanja watoto wa wafugaji ambao hawangeweza kuletwa kituoni. Mimi nilifuatana nao mpaka Kakuma nikiandika habari ya safari hiyo.

Wapima barabara walikuwa wametuazima redio mbili za mkono, kubwa kama tofali, zenye eriali ya kuvuta. Tulizijaribu sokoni Kakuma. Baba yako alisimama dukani, mimi kisimani, tukasikilizana kama watu waliokaa meza moja. Tukaridhika. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na nalitaja kwa sababu utashawishika kulifanya. Redio yoyote husikika vizuri kutoka dukani hadi kisimani. Ukitaka kuijua redio, ijaribu mahali unapodhani itakushinda, tena ukiwa bado na muda wa kurudi nyuma.

Mtu aliyepangiwa kushika redio ya pili alishikwa na malaria, ndipo nikapewa mimi. Nilikaa na Ekiru, dereva wa lori la maji. Unamkumbuka, yule Mturkana mrefu aliyekuwa akikuletea makoma, matunda ya mkoma. Kazi yetu ilikuwa moja. Kila siku saa kumi alasiri timu ingetuita na kutuambia ilipofika, nasi tungejua lori la maji liwafuate wapi. Walibeba maji ya siku nne. Bila mwito, lori lisingejua pa kwenda.

Saa kumi niliichagua mimi. Nilisema kwa sababu jua huwa limepungua ukali. Sababu ya kweli ni kwamba redio koli ya kituo cha Kakuma, ile kubwa ya mezani, ilipeleka habari zangu Nairobi saa kumi na moja, nami nilitaka habari mbichi. Niliweka saa inayonifaa mimi na kuwaita watu wengine waifuate.

Tuliegesha lori nje kidogo ya Kakuma, upande wa magharibi wa kilima cha mawe meusi, kimo cha mnara wa kanisa. Nilikipenda kilima kile. Kila mtu alikuwa ameniambia kwamba redio hutaka mahali pa juu. Siku ya kwanza saa tisa u nusu nikapanda, nikazunguka mpaka nilipopata jiwe bapa lenye kivuli kizuri, nikakaa. Saa kumi nikabonyeza na kuita. Nikasikia mchakacho tu, kama mtu anayekaanga kitu mbali. Niliita tena. Niliielekeza eriali kama bunduki. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nabonyeza, naita, kisha nasubiri jibu huku kidole kikiwa bado kimebonyeza. Hata kama angejibu malaika nisingemsikia.

Siku ya pili nilirudi kwenye jiwe lile lile. Ekiru alipanda kuniletea chai. Alisimama akinitazama nikipiga kelele.

"Mama Wakesho," akasema, "hio maneno yako naenda wapi?"

"Kalobeyei."

Akanyoosha mkono akaonyesha mwamba ulio nyuma ya mgongo wangu. "Kalobeyei iko huku."

"Redio haina macho, Ekiru."

"Haya," akasema. Akaweka chai, akashuka.

Nimeandika habari za watu miaka mingi, na kazi yangu ni kuwasikiliza watu wanaponiambia kitu kilipo. Mtu aliniambia kitu kilipo, akanyoosha na kidole, nami nikamfanyia mzaha.

Siku ya tatu asubuhi nilimwachia Ekiru redio nikaenda Kakuma kwa miguu. Nilikuwa nahesabu maji yao kichwani. Sikungoja saa kumi na moja. Nilimwomba mtu wa redio koli aniunganishe mapema, nikatuma maneno haya. Nayakumbuka yote, maana nimeyasoma mara nyingi: "Watu watatu wa timu ya chanjo waliokwenda upande wa Kalobeyei hawajajibu mwito wa redio kwa siku mbili. Kuna hofu juu ya usalama wao."

Yachambue kama ninavyoyachambua mimi. Watu watatu, kweli. Kalobeyei, kweli. Siku mbili, kweli. Hofu, kweli, ilikuwa yangu. Hawajajibu, hilo sikulijua. Nilichokijua ni kwamba sijawasikia. Nilichukua kitu kilichokuwa masikioni mwangu nikakiweka juu yao. Mtu anayenisoma asingeweza kugundua, maana sentensi ilikuwa safi. Habari ikasomwa saa saba mchana, "hawajajibu" ikiwa imegeuka "hawajulikani walipo", na wewe ulikuwa umetoka shule kwenda kula kwa jirani.

Nilirudi kilimani saa tisa. Ekiru alikuwa anaziba pancha juani, chini ya kilima, upande wa magharibi. Redio alikuwa ameiweka juu ya kichwa cha lori, eriali imesimama.

"Hio redio naongea," akasema bila kuinua macho.

"Lini?"

"Sasa hivi. Asubuhi pia. Jana mimi sijui, jana wewe nabeba."

"Imesema nini?"

"Bwana yako? Nasema huyu mama nalala."

Niliinyakua. Na sasa nitakuambia jambo ambalo hata baba yako nilichelewa kumwambia. Sikubonyeza pale pale. Nilipanda nayo mbio hadi kwenye jiwe langu, maana nilizoea kuzungumza nikiwa nimekaa kivulini. Nikaita. Mchakacho. Nikateremka kumgombeza Ekiru kwamba ananidanganya, na nilipolizunguka lile jiwe la mwisho na kutokea juani, sauti ya baba yako ikatoka mkononi mwangu. Alikuwa amesahau kuachia kidude, anazungumza na punda.

Nikarudi kivulini. Kimya. Nikatoka juani. Baba yako. Nilifanya hivyo mara tatu kabla sijamjibu. Ekiru aliacha pancha yake akanitazama.

Saa kumi alasiri jua liko magharibi, na kivuli cha kilima kinaanguka mashariki. Watu wangu walikuwa magharibi. Siku mbili nilikuwa nimekaa na kilima kizima mgongoni, kati yangu na wao. Na saa kumi, Wakesho, ni nani Turkana atakaa juani kwa hiari yake? Hakuna. Hapa hata mbuzi anajua kivuli cha saa ile kiko wapi. Mtu wa Nairobi asingefanya kosa lile, maana angesimama popote. Nililifanya kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mwenyeji.

Nilibonyeza hatimaye. "Nakusikia. Mko salama? Ova."

"Tuko salama. Maji yamebaki ya kesho. Tuko chini ya migunga mitatu, baada ya laga ya pili, Ekiru anapajua. Na wewe, ulikuwa wapi siku zote hizi? Ova."

"Kilimani. Ova."

"Upande gani? Ova."

"Kivulini. Ova."

Akasahau tena kuachia kidude. Nilisikia wanaume watatu wakicheka, na punda mmoja.

Nilipaswa kucheka pia. Lakini ilikuwa imepita saa tisa, na saa saba haiwezi kurudishwa. Nilipofika Kakuma tayari kulikuwa na ujumbe kutoka Lodwar kwamba majirani wametoa viti nje ya nyumba yetu na kuvipanga uani, na kwamba mtoto amekwenda kuketi chini ya dirisha la redio koli ya hospitali na hataki kuondoka. Mtoto ni wewe. Ulikaa pale mpaka walipokuambia. Sijui ulifikiri nini katika saa zile. Sijawahi kukuuliza. Nilifanya kazi ya kuuliza watu wengine.

Halafu nikafanya kosa ambalo ni baya kuliko lile la kilimani. Nilituma habari ya pili: "Watu watatu waliokuwa hawajulikani walipo wamepatikana wakiwa salama." Ilisomwa, watu wakafurahi, kanisani wakatoa shukrani. Ili mtu apatikane ni lazima kwanza awe amepotea. Ningeweza kuandika kwamba mwandishi alikuwa amekaa mahali pabaya na hakuwasikia. Ilikuwa sentensi moja. Nilikuwa na karatasi, kalamu na mstari wa redio uliofunguliwa, nikaiacha.

Baba yako alipofika nyumbani ulimning'inia shingoni, kisha ukaketi ukasema hutakula mpaka aape. Ulikuwa mkaidi. Ugali ulipoa mezani. Alinitazama mara moja tu, nikajua ananipa nafasi ya kusema. Nikatazama sufuria. Akaapa. Ukala.

Baadaye nilimwambia nitakueleza. Akasema, "Usimwambie. Anasikia habari zako zikisomwa, anawaambia wenzake shuleni kwamba hiyo imeandikwa na mama. Mwache." Nilikubali upesi kuliko inavyompasa mtu mzima. Nikijitetea naweza kusema aliniomba. Lakini yeye ndiye aliyekuwa analipa, na mtu anayelipa akikuambia usijali, hiyo si sababu ya kuendelea kula.

Siku moja, nikitafuta cheti, nilifungua daftari lake la safari ile. Kila siku alikuwa ameandika idadi ya waliochanjwa, hali ya punda, maji yaliyobaki. Chini ya siku ya kwanza: "Saa kumi nimeita. Sijamsikia Mama Wakesho." Chini ya siku ya pili: "Nimeita. Sijasikia. Kesho nitajaribu na asubuhi." Basi. Kimya kilikuwa kile kile, kwangu na kwake. Mimi nilifanya nacho msiba. Yeye alikiandika kilivyo akabadilisha saa.

Mwandishi katika nyumba yetu ni yeye. Nililiona hilo siku ile, nikalirudisha daftari mahali pake.

Kuhusu redio yenyewe, nakuandikia nilichojifunza kwa sababu utakuwa peke yako nayo baada ya raundi ya kwanza ya chanjo, na kwa sababu nilijifunza kwa gharama ya mtu mwingine. Kilima si dawa. Nusu ya kilima inakusaidia na nusu inakuziba. Huna haja ya kufika kileleni. Tafuta ubavu unaomtazama unayemwita. Ikiwa mwenzako yuko magharibi yako nawe huna budi kukaa kivulini, wekeni mwito asubuhi, wakati kivuli kiko upande wake. Nilipomwambia baba yako ugunduzi huu nikijiona mjanja, aliuliza swali moja: "Na yeye aliye magharibi, kama naye yuko kwenye kilima, asubuhi kivuli chake kiko wapi?" Kiko nyuma ya kilima chake, bila shaka. Saa zote mmoja wenu atakuwa juani. Msibishane ni nani. Simama wewe.

Eriali isimame wima, ivutwe yote. Usimwelekezee mtu. Baba yako alinieleza kwa kandili: mwanga wake unatoka ubavuni, na juu ya kofia yake kuna giza. Mimi nilikuwa nawaonyesha kofia. Ukibonyeza, vuta pumzi kwanza ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linakatika, na neno la kwanza ndilo jina la unayemwita. Ukimaliza, achia. Toka ndani ya gari, bati linameza sauti. Toka ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni baridi na kuna miti. Usiposikia, sogea hatua kumi, geuka, maana hata mwili wako mwenyewe unaziba, jaribu tena. Kupiga kelele hakuongezi kitu.

Betri, au mawe kama mnavyoyaita, ziweke mbali na jua hata kama wewe umesimama juani. Kusema kunakula kuliko kusikiliza. Betri iliyochoka inaweza kukusikilizisha watu vizuri huku wao hawakusikii kabisa, na utadhani wamekudharau. Sema mafupi. Mengine yaandike.

Na usijaribu kunifikia mimi. Najua utataka. Ile redio haitafika Lodwar hata ukipanda mlima gani. Huhitaji ifike. Unahitaji imfikie mtu aliye Kakuma, au kama uko mbali zaidi, umwache mtu katikati juu ya kilima arudie maneno yako kwa mwenzake. Mtu huyo wa katikati mchague kwa jambo moja tu, kwamba harudii asichokisikia. Kakuma watazungumza na hospitali kwa redio koli, na hospitali iko hatua mia tatu kutoka mlangoni kwangu. Mfikie aliye karibu nawe. Mimi nitafikiwa.

Sasa asubuhi ya leo. Upande wako unaujua. Upande wangu ulikuwa hivi.

Ulipoondoka na redio yako kwenda kuijaribu kwenye barabara ya Kakuma, ng'ambo ya laga ya Kawalase, nilipanda kilima cha hapa mjini. Ilikuwa saa tatu na kivuli kilikuwa upande wako, kwa hiyo niliketi. Ulisikika vizuri. Ulinisalimu kwa "Ejok" kama Ekiru alivyokufundisha, nikaitikia, "Ejok-noi." Ukaniambia kuna mzee anakutazama akidhani unazungumza na tofali. Nilicheka. Kisha nikaona kwamba kesho hutakuwepo, na kwamba uso kwa uso nimeshindwa miaka sita. Nikabonyeza, nikavuta pumzi, nikakuambia. Nilitumia muda mrefu kuliko ninavyoshauri. Nikaachia.

Mchakacho.

Ningependa uelewe zile dakika. Mkono ulitaka kubonyeza tena nirudie, nijieleze, niombe. Kichwa kilianza kuandika habari: Wakesho hajibu. Wakesho amekasirika. Wakesho ameitupa redio mchangani na anaondoka bila kuniaga. Nilikuwa na habari nzima, ina mwanzo na mwisho, na sikuwa nimesikia neno hata moja. Basi nikatoa daftari langu nikaandika: "Saa tatu na nusu. Nimesema. Sijasikia." Nikaweka kalamu. Nikasubiri.

"Nimesikia yote," ukasema. "Nilikuwa nimekaa chini. Ova."

Nikaondoa kidole kwenye kidude nisije nikakukatiza.

"Baba anajua? Ova."

"Anajua tangu siku ile. Ova."



"Ana likizo? Ova."

"Anayo, hajaichukua. Ova."

"Basi mwambie afunge mzigo. Tutakwenda naye raundi ya kwanza. Ova."

Nikauliza ambacho nisingepaswa kuuliza kwa redio. "Na mimi? Ova."

"Wewe tutaongea nyumbani. Ova na auti."

Nilikwenda moja kwa moja hospitalini. Baba yako alikuwa zamu, dirishani, na foleni ya akina mama watano. Nilisubiri zamu yangu kama mgonjwa.

"Unaumwa nini?" akasema.

"Mwanao anasema ufunge mzigo. Uende naye Kakuma kesho."

Akaendelea kutia vidonge kwenye bahasha. "Amesema kwa mdomo au kwa redio?"

"Kwa redio."

"Ulikuwa upande gani wa kilima?"

"Ule unaomtazama."

"Ulimsikia, au umeandika tu?"

Mama aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Ninyi wawili, dawa yangu." Baba yako akampa dawa yake, akamweleza mara mbili asubuhi na jioni, akampa na wa pili, akafunga dirisha. Baba yako hajawahi kufunga dirisha kabla ya saa. Alitoka na koti lake jeupe mkononi akaenda kumvizia daktari mlangoni mwa kanisa ili amtie sahihi likizo. Alirudi nayo ikiwa imekunjwa mara nne, kama mtoto wa shule aliyepewa ruhusa.

Nyumbani hukuongea sana. Ulikula sahani mbili za githeri. Kisha ukauliza swali moja, "Siku mbili, Mama? Ulingoja siku mbili tu?" Nikasema ndiyo. Ukatikisa kichwa, ukaniomba sufuria ndogo ya kwenda nayo. Nimekupa ile nzuri. Sijui kama hayo ni mazungumzo uliyoniahidi au kama mengine yanakuja. Sitaandika kwamba umenisamehe. Ninachokijua ni kwamba ulikula na ukaomba sufuria, na kwa leo hilo linanitosha.

Siku mbili zilikuwa chache, ni kweli. Kwa hiyo nimekaa na baba yako tukapatana, nawe utatuambia kama hukubaliani. Kakuma huzungumza na hospitali Jumatano na Jumamosi. Jina lako lisipotajwa mara moja, nitajua betri zimeisha, au uko kwenye laga, au mtu wa katikati amelala. Likikosekana mara ya pili, nitakwenda kumwuliza Ekiru nani ametoka upande huo. Mara ya tatu ndipo nitapanda gari kuja kusikiliza mwenyewe. Na muda wote huo sitatuma neno lolote Nairobi.

Nilidhani jioni hii ningekuwa na huzuni. Waandishi wa barua kama hii huwa na huzuni. Lakini nimekaa hapa, baba yako amefungua mzigo wake mara ya tatu ili afunge kamba kwa fundo lingine, anakuuliza wewe kuhusu sindano mpya, nawe unamjibu kama bosi wake, naye anasema "Sawa, sista." Nimekuwa nikisubiri sauti hiyo ya mtu anayefunga mzigo wake mwenyewe. Nimepumua, Wakesho. Ni muda mrefu sikupumua vizuri katika nyumba hii.

Soma barua hii njiani, kisha mkifika Kakuma umpe baba yako. Miaka hii yote hajaona popote pameandikwa kwamba hakupotea. Hajaniomba niandike. Haya ndiyo masahihisho yake, yamechelewa miaka sita, na jina la aliyekosea liko hapa chini.

Mama yako, Mama Wakesho